Tiki mbili hazimaanishi dereva kakubali: meseji za ofisi na malori zinavyofanya kazi

Kampuni ya malori ikisema imenunua programu ya kuwasiliana na madereva, swali la kwanza utakalosikia ni, si tuna WhatsApp tayari, ya nini kulipia kitu kingine kila mwezi? Ni swali la haki kabisa, kwa sababu WhatsApp kila dereva anayo, haihitaji semina, na asiyependa kuandika anabonyeza anaongea. Ila nikisikiliza watu wanavyobishana kuhusu hili naona wengi tunachanganya mambo matatu ambayo kwenye stori za kawaida hayana shida ukiyachanganya lakini kwenye mzigo wa mtu yanaleta hasara kubwa, nayo ni meseji kufika, meseji kusomwa na meseji kukubaliwa.

Chukua lori limetoka Dar na mzigo wa Zambia. Limeshapita Mbeya, liko Tunduma linasubiri kuvuka, mara mteja anapiga simu ofisini anataka mzigo ushushwe Lusaka na sio Ndola kama ilivyokuwa. Mtu wa opareshen, yule anayesimamia safari akiwa ofisini, anaandika, anatuma, anaona tiki mbili za kijivu, anaenda kulala na amani yake. Sasa zile tiki mbili zinasema nini? Zinasema simu ya dereva imepokea, basi. Simu yenyewe inaweza kuwa inachaji kwenye kabini na mwenyewe yuko kwa wakala wa forodha na makaratasi mkononi. Zikigeuka bluu zinasema amefungua mazungumzo, na kama ni kwenye grupu la madereva wote ambalo usiku mzima watu wanatumiana picha za foleni, kuna uwezekano mkubwa kaipita bila kuiona. Na hata akiwa ameiona na kuisoma mara mbili, hakuna kitu kwenye hiyo bluu kinachosema sawa nimeelewa, naenda Lusaka, mafuta niliyonayo yanatosha na nyaraka nimeshamwambia wakala azibadilishe. Halafu lori linafika Kapiri Mposhi, pale barabara ya kutoka Tunduma inapokutana na barabara kuu ya Lusaka na Copperbelt, yaani jimbo lenye Ndola, ukikata huku ni Ndola, ukikata kule ni Lusaka, na ofisi ndio inakuja kujua pale kama ile meseji ilikubaliwa au ilifika tu.

Programu za kazi hii ukizivua mapambo yote, ramani na rangi na grafu, unakuta kazi yake kubwa ni kuzitenganisha hizo hatua tatu na kuandika kila moja ilitokea saa ngapi. Ukilishika hilo mengine yote yanafunguka.

Na sio akili ya juzi. Marekani zamani dereva wa masafa marefu alikuwa anasimama kituo cha malori anapanga foleni ya simu ya sarafu ili aseme yuko wapi na aambiwe anaenda wapi, ofisi kwa siku nzima haijui lolote mpaka mtu apige. Mwaka 1988 Qualcomm ya San Diego, hawahawa ambao leo tunawajua kwa chipu za simu, wakaleta mfumo unaoitwa OmniTRACS. Juu ya kabini kuna antena ya kuba, ndani kuna kibodi na kioo kidogo, meseji inapanda kwenye satelaiti, inashuka kituo cha Qualcomm, halafu inaelekezwa ofisi ya mwenye lori. Mteja mkubwa wa mwanzo alikuwa Schneider, kampuni ya malori ya jimbo la Wisconsin. Mfumo ulienea mpaka madereva wa kule wakawa wanakiita kile kifaa Qualcomm tu, na wengine wanakiita hivyo mpaka leo hata kama kimetengenezwa na watu wengine, na hata baada ya Qualcomm wenyewe kukiuza kitengo hicho mwaka 2013.

Kitu cha kujifunza pale hakipo kwenye satelaiti, kipo kwenye ubanaji. Njia ya kutoka lorini kwenda angani ilikuwa nyembamba mno na ya polepole, haiwezekani kila dereva aandike aya nzima, kwa hiyo wakatengeneza fomu zenye namba, wenyewe wanaziita makro. Namba hii maana yake nimefika kupakia, namba ile nimepakia naondoka, nyingine nimekwama na sababu ni hii. Dereva anajaza sehemu chache tu, namba ya trela, uzito, namba ya sili (lakiri inayofunga mzigo), na kinachorushwa ni namba ya fomu pamoja na vile alivyojaza, maneno mengine yote yapo tayari pande zote mbili.

Waliifanya kwa ajili ya kubana nafasi, lakini matokeo yake yakawa makubwa kuliko nia. Fomu yenye namba kompyuta inaielewa. Dereva akibonyeza nimepakia, mfumo wa ofisi unajua palepale kwamba mzigo fulani umebadilika hali, unaweza kumjulisha mteja, unaweza kuandaa ankara, unaweza kuanza kuhesabu muda. Dereva akiandika "nshamaliza hapa bosi" anaelewa mtu aliye macho peke yake, na mtu huyo akiwa kwenye daladala au kalala au ana malori 40 mengine, habari inakaa palepale. Kwa hiyo mtu akikuuliza tofauti ya WhatsApp na hizi programu, mimi ningemwambia tofauti ya kwanza ni kwamba kwenye programu meseji imefungwa kwenye mzigo, ina namba ya safari, kwenye WhatsApp imefungwa kwenye mtu. Mtu akiacha kazi akaondoka na laini yake, historia ya mzigo inaondoka naye, na miezi mitatu baadaye mteja anasema sikupokea mifuko 20 unaanza kutafuta picha ya delivari noti, ile hati ya kupokea mzigo, kwenye simu ya nani sijui.

Sasa tuje kwenye muda maana huku kwetu hili lina utata wa peke yake. Dereva akiandika "nimefika saa 2", ofisi ya Dar inaelewa, mapokezi ya Lusaka wanaosoma saa kwa kizungu wanaweza kuelewa kitu kingine kabisa. Na bado Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa 1, yaani ukitoka Tunduma ukavuka Nakonde simu inajirudisha yenyewe saa nzima nyuma, Lubumbashi ni hivyohivyo, Kigali na Bujumbura hivyohivyo. Ukiwa na mgogoro wa dimareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, au mteja anadai lori limechelewa kufika, hiyo saa moja ni hela. Mfumo mzuri unahifadhi muda mmoja wa dunia nzima kule nyuma halafu unamwonyesha kila mtu kwa saa ya mahali alipo, dereva haandiki saa hata kidogo, anabonyeza tu.

Ila kuna muda wa pili ambao watu wengi hawauulizi, na mimi nauona ndio muhimu kuliko wote. Dereva kabonyeza nimefika akiwa sehemu haina netiweki. Simu inaihifadhi, inasubiri, inatuma baada ya saa 3 ikipata mnara. Sasa ofisini inasomeka kafika saa ngapi? Mfumo uliotengenezwa hovyo unaandika muda ambao meseji ilifika kwenye seva, na dereva aliyewahi anaonekana kachelewa, anakatwa posho kwa kosa la mnara wa simu. Mfumo uliofikiriwa vizuri unaandika vyote viwili, tukio lilitokea lini na habari ililetwa lini, na ukiviona pamoja unajua mara moja kama tatizo ni dereva au ni netiweki.

Hiyo tabia ya kuhifadhi na kutuma baadaye ndiyo moyo wa hizi programu zote. WhatsApp nayo inafanya, meseji isiyofika inatunzwa kwenye seva zao mpaka siku 30 halafu inafutwa. Kwenye vifaa vya kwenye magari wengi wanatumia njia moja inaitwa MQTT, ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na mwenzake Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yanatoa taarifa kupitia satelaiti, yaani hali ileile ya netiweki mbovu na ya gharama. Ina ngazi tatu za uhakika. Ngazi 0 inatuma na kusahau, ikifika imefika. Ngazi 1 ni kama barua ya rejista, hawaachi kukutafuta mpaka usaini, ila shida yake inaweza kuletwa mara mbili. Ngazi 2 inahakikisha inafika mara moja tu bila kurudiwa, lakini inahitaji kujibizana zaidi kwenda na kurudi, na kwenye netiweki inayokatika hiyo ni mzigo.

Kuletwa mara mbili usione kitu kidogo. Kwa taarifa ya lori liko wapi hakuna neno, ikija mara mbili pointi inakaa palepale kwenye ramani. Lakini meseji ya "pakia tani 28 ghala namba fulani" ikija mara mbili, dereva mgeni anajiuliza ni mizigo miwili? Ndio maana kila agizo lazima liwe na namba yake ya pekee, simu ikiona namba ileile tena inajua hii nimeshapokea, inanyamaza. Na kwa taarifa za mahali ngazi 0 inatosha kabisa maana baada ya dakika moja inakuja nyingine mpya, hamna haja ya kula bando la mtu kuhakikisha ile ya zamani imefika.

Halafu kuna ile kesi inayogombanisha ofisi na madereva kila siku, dereva anasema sikupata meseji, ofisi inasema tulituma, na kila mmoja anamwona mwenzake muongo. Mara nyingi wote wanasema kweli. Simu za Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015 zina tabia ya kuzilaza programu pale simu ikikaa muda haijaguswa ili kubana chaji, na simu nyingi za bei nafuu zimeongezewa ukali zaidi, zinaiua programu kabisa kule nyuma. Meseji inakaa njiani mpaka dereva aiguse simu. WhatsApp watengenezaji wengi wa simu wameshaipa ruhusa ya kukaa macho, ila programu ya kampuni yako isiyojulikana haina huo upendeleo, kwa hiyo bila mtu kuingia kwenye mpangilio wa betri wa kila simu na kuiruhusu, mtaendelea kugombana. Nashangaa kampuni inalipa hela zote hizo halafu hakuna aliyekaa na madereva nusu saa kufanya hilo jambo dogo. Na kwa yale maagizo ambayo yakichelewa mzigo unapotea njia, mfumo uwe na uwezo wa kurusha SMS ya kawaida ikiona dakika kadhaa zimepita hamna majibu, herufi 160 zinatosha kabisa kusema mzigo namba fulani umebadilika piga ofisi, na SMS inapenya sehemu ambazo intaneti imekata tamaa.

Sasa hapa kwenye kusomwa ndipo inabidi tuongee kwa uzito maana watu wanakufa.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha Virginia Tech Marekani walitoa matokeo ya kuwarekodi madereva wa malori kwa kamera wakiwa kazini kabisa, barabara za kweli. Dereva anayeandika au kusoma meseji kwenye simu hatari yake ya kupata ajali au kukoswakoswa ilikuwa zaidi ya mara 23 ya dereva asiyefanya hivyo. Hiyo namba ilienea sana. Iliyopita kimyakimya ni nyingine ya utafiti huohuo, kwamba kushughulika na kile kifaa cha mawasiliano cha kampuni, kifaa rasmi cha kazi kilichofungwa na mwajiri, kulipandisha hatari karibu mara 10. Kwenye sekunde 6 zinazozunguka tukio, mwenye kutuma meseji alikuwa ameondoa macho barabarani sekunde 4.6. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hizo ni mita mia moja na zaidi kidogo, semi trela yenye mzigo inatembea bila mtu kuangalia mbele, na barabara zetu unajua mwenyewe pembeni kuna bodaboda, kuna watoto wanatoka shule, kuna mama anauza nyanya.

Marekani mwaka 2010 wakapiga marufuku madereva wa magari ya biashara kuandika meseji wakiendesha, na kuanzia Januari 2012 hata kushika simu mkononi, wakati huo dereva faini ilikuwa mpaka dola 2,750 na kampuni iliyoruhusu au kulazimisha mpaka dola 11,000. Naipenda hiyo sehemu ya pili. Maana ukweli ni kwamba dereva hasomi meseji kwenye mteremko wa Kitonga kwa sababu ni mjinga, anasoma kwa sababu bosi kamtumia "mbona hujibu" mara tatu. Programu yoyote ya kazi hii inayoacha meseji ijitokeze kwenye kioo gari likiwa kwenye mwendo mimi naiona mbovu hata kama mengine yote yako sawa. GPS inajua gari linatembea, basi kioo kifunge, meseji isubiri, au kama ni ya dharura isomwe kwa sauti na iwe fupi, na upande wa ofisi waone wazi kwamba imefika lakini gari liko kwenye mwendo, ili yule aliyeko kwenye kiti cha kuzunguka aache kubonyeza. Akisimama mizani au akiegesha ndio anaona yote.

Kwenye kukubaliwa kuna jambo la madaraka, na teknolojia peke yake hailitatui. Marekani dereva wa mzigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na tangu Desemba 2017 wengi wao lazima wawe na kifaa cha kielektroniki kinachorekodi hizo saa chenyewe. Kabla ya hapo serikali ilijaribu kanuni nyingine ya vifaa kama hivyo, chama cha madereva wenye malori yao, OOIDA, wakaenda mahakamani pamoja na madereva, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaitupa ile kanuni kwa hoja kwamba serikali haikuangalia jinsi kampuni zitakavyokitumia kifaa kuwasumbua madereva. Kusumbua kwenyewe ni kwamba ofisi inaona kwenye kioo umebakiza saa 2 za kuendesha kisheria, wewe umechoka umeamua kulala, inakutumia meseji inakuamsha, bado una muda, twende. Kanuni iliyokuja baadaye ikaweka katazo la usumbufu wa namna hiyo na ikataka kifaa kiweze kunyamazishwa dereva akiwa amelala kitandani nyuma ya kiti.

Huku kwetu hilo la kunyamaza hata hatujaanza kuliongelea vizuri. Dereva yuko foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, siku nzima anasogea mita 10 anasimama, usiku ndio anapata usingizi, na simu inalia kwa sababu mtu ofisini kakumbuka kuuliza namba ya sili. Ukiniuliza mimi, kila mfumo uwe na saa za kulala za dereva, na meseji isiyo ya dharura inayotumwa ndani ya hizo saa ikae kwenye seva mpaka asubuhi.

Kuna mkanganyiko mwingine inabidi niutaje kwa haraka, watu wanachanganya trakingi na meseji. Tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda wana mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya transit kwa sili za kielektroniki, mzigo unatoka Mombasa unaonekana mpaka unapofika. Ule ni wa forodha, unalinda kodi, unajua kontena liko wapi na kama limefunguliwa. Haumwambii dereva chochote na haumuulizi chochote. Hata trakingi ya kampuni yenyewe inakuonyesha lori limesimama saa 4 Makambako, haikuambii kama ni tairi, ni mizani au dereva anaumwa. Hiyo sababu inatoka kwa mtu, na ndio kazi ya meseji.

Sasa je, kila mwenye lori anunue programu? Hapana. Mwenye malori matano WhatsApp inamtosha akiwa na utaratibu, na utaratibu wenyewe sio mgumu, kila safari iwe na grupu lake lenye namba ya mzigo kwenye jina, ndani awemo dereva, mtu wa opareshen na wakala, agizo lolote la kubadilisha safari lijibiwe kwa kurudia maneno yenyewe na sio kwa dole gumba, picha za nyaraka zihamishwe kwenye kompyuta jioni ileile. Malori yakifika ishirini na kuendelea, na mipaka zaidi ya mmoja, utaratibu wa kichwani unaanza kuvuja. Na kuna njia ya kati, tangu 2018 WhatsApp wanaruhusu biashara kuunganisha mfumo wao nayo, dereva anabaki na programu aliyoizoea, nyuma yake meseji zinaingia kwenye namba ya mzigo.

Kitu ninachokiangalia kwanza nikionyeshwa mfumo wa namna hii ni kitufe cha kukataa. Mifumo mingi ina kitufe kimoja, Nimekubali, kikubwa cha kijani. Dereva aliyechoka, ambaye breki anazisikia haziko sawa, au ambaye mafuta hayamfikishi, anabonyeza kijani kwa sababu hakuna kingine cha kubonyeza na bila kubonyeza meseji haiondoki kwenye kioo. Kesho ikitokea ajali kampuni inatoa rekodi, huyu hapa alikubali mwenyewe saa 3 na dakika 12. Huo ni uonevu umevaa nguo za teknolojia. Kiwepo kitufe cha siwezi, chenye sababu tano sita za kuchagua, na ofisi ilazimike kujibu ile sababu kabla ya kutuma agizo lilelile tena.

Na wauzaji wakija na kompyuta mpakato na maonyesho mazuri kwenye WiFi ya ofisi, msisaini kitu. Waambieni wawape simu mbili za bei ya chini kama wanazotumia madereva wenu, zipandisheni kwenye malori mawili yanayokwenda Tunduma na kurudi, njiani madereva wabonyeze kila hatua hata pale netiweki haipo, na ofisi nayo itume agizo moja usiku wakiwa wamelala na moja wakiwa kwenye mwendo. Malori yakirudi fungueni rekodi, angalieni kama kuna muda wa tukio na muda wa kufika kwa kila meseji, angalieni ile ya usiku ililia saa ngapi na ile ya kwenye mwendo ilionekana lini. Mkikuta safu ya muda ni moja tu, hata wapunguze bei kiasi gani, warudi nayo.